Jino Lisilouma

"Linauma?"

"Haliumi, mama."

"Linacheza?"

"Halichezi."

"Sasa unakwenda kukatwa nini?"

Ilikuwa jioni, kibarazani kwa mama mkubwa, Tandika. Yeye alikuwa anapanga barafu za ubuyu kwenye deli, akiwasubiri watoto watoke madrasa. Mimi nilikuwa nimeshika bahasha ya kaki, ndani yake picha ya eksirei ndogo kuliko kiberiti. Kwenye picha hiyo kulikuwa na jino langu la mbele, la juu, upande wa kulia, na kwenye ncha ya mzizi wake doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya kunde. Daktari alikuwa amenieleza jambo ambalo sasa nilikuwa nashindwa kulipanga kwa Kiswahili cha kibarazani: watachana ufizi, watatoboa mfupa, watakata ncha ya mzizi, wataziba pale palipokatwa, watashona, na jino litabaki pale pale lilipo.

Mama mkubwa aliisikiliza habari yote mpaka mwisho, akafunga deli.

"Yaani mti unakatwa mizizi ili usianguke. Hiyo hesabu ya wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nimeshakaa na swali lake muda mrefu sasa, na kadiri ninavyolirudia ndivyo ninavyoona kwamba gumu halikuwa hilo la mti. Gumu lilikuwa lile la kwanza kabisa, alilouliza bila kufikiri, kama kila mtu mjini hapa anavyouliza bila kufikiri: linauma?

Kwetu maumivu ndiyo kadi ya kliniki. Ukiwa nayo unapishwa njia. Usipokuwa nayo unaulizwa umefuata nini. Kaa asubuhi kwenye benchi la chumba cha meno, Temeke au Kinondoni, uwatazame waliokutangulia: kila mmoja ameshika shavu kama anayesikiliza simu. Huyu kajifunga khanga kutoka kidevuni hadi utosini. Yule anainuka, anakwenda kutema nje, anarudi, anainuka tena. Hakuna aliyekuja bila kujaribu kwanza. Wameweka karafuu kwenye tundu, wamesukutua maji ya chumvi, wamemeza panadoli za duka la Mangi, wametafuna mzizi wa mtunguja walioletewa na jirani. Wamevumilia wiki tatu, miezi miwili. Kilichowaleta ni usiku wa jana. Na jino lililoletwa na usiku wa jana, mara nyingi, halina mazungumzo marefu. Anayeuma kiasi kile haombi jino lake lipone, anaomba litoke.

Ndiyo maana msemo wa "dawa ya jino ni kung'oa" umetoka kwenye meno ukaenda kuishi kila mahali. Nimeusikia kwa mwenye nyumba akimtoa mpangaji, kwa kocha wa timu ya mtaa akimwacha benchi mshambuliaji wake, kwa shemeji akishauri ndoa ya mtu ivunjwe. Ni msemo mtamu kwa sababu unamaliza mjadala. Mimi mwenyewe nimeutumia.

Jino langu lilikufa taratibu, na lilianza kufa mlangoni mwa daladala. Nilikuwa mwanafunzi, na mwanafunzi wa Dar es Salaam wa wakati ule alijua: alilipa nusu nauli, kwa hiyo konda alimpenda nusu. Tulidandia pale Mtoni kwa Azizi Ali, gari likaondoka kabla sijapata mkono wa pili, uso wangu ukakutana na bomba la mlango. Mdomo ulivimba, ukapona. Jino halikuvunjika wala kung'oka. Mama yangu mzazi aliligusa kwa kidole, akasema Mungu mkubwa, mambo yakaisha.

Hayakuwa yameisha. Ndani ya jino mna nyama laini, mna mishipa ya damu na ya fahamu, na vyote hivyo vinaingilia kwenye tundu dogo mno lililo nchani mwa mzizi. Pigo likikata njia hiyo, jino linakauka kama bomba la maji lililofungwa mtaa wa juu. Kwa nje unaliona limesimama. Kwa miaka kama kumi langu lilibadilika rangi polepole, likawa kama chai ya maziwa iliyopoa, kisha kama majivu. Halikuuma hata siku moja. Lingeuma na nini? Chenye kuuma ndicho kilichokuwa kimekufa.

Kisha kikaja kipele. Kidogo, juu ya ufizi, mahali ambapo ulimi ukienda unarudi tena. Kinajaa, kinapasuka chenyewe, unasikia chumvichumvi ya usaha mdomoni, kinalala wiki mbili, kinaamka. Nilikizoea kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kipele kile ndicho kilichokuwa kinanidanganya. Usaha uliofungiwa ndani ya mfupa unasukuma, na msukumo huo ndio unaomlaza mtu macho. Usaha uliopata mlango hausukumi. Wangu ulikuwa na mlango wake, unatoka unapotaka, na nyuma yake mfupa ulikuwa unayeyuka bila kelele.

Nilipokwenda hatimaye, nilitibiwa mzizi, ile kazi ambayo mitaani wanaiita kuua mshipa, ingawa kwangu mshipa ulikuwa umeshajifia zamani. Ndani kukasafishwa, kukajazwa, kikawekwa kijiti cha chuma cha kushikilia, juu likavalishwa kofia nyeupe inayofanana na wenzake. Nikacheka kwenye harusi mbili. Mwaka wa pili kipele kikarudi, pale pale.

Hapa inabidi nitoke Tandika niende Rufiji, kwa sababu sijaona mfano bora zaidi. Ukishika Barabara ya Kilwa, ukapita Mbagala na Kongowe, ukaendelea kusini, unafika kwenye mto mkubwa ambao kwenye daraja la Mkapa ni mto mmoja. Ukiufuata hadi baharini si mmoja tena. Unagawanyika, unatanda, unaingia mikoko kwa vijito ambavyo hata wavuvi wa huko wanavitaja kwa majina ya ubishi. Mfereji wa mzizi wa jino uko hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya safari yake ni mto unaopitika. Sindano nyembamba za daktari zinausafisha vizuri. Lakini milimita za mwisho ni delta. Mfereji unatoa vijito vya pembeni vyembamba kuliko unywele, na bakteria waliokimbilia humo hawafikiwi na sindano wala na dawa ya kusafishia. Waliopima wamekuta kwamba ukiondoa milimita 3 za mwisho unaondoa karibu delta yote. Si milimita 1, inayobakiza vijito vingi, wala si 6, zinazolifanya jino liwe kama nguzo iliyofukiwa kwa kiganja. Ni 3.

Mama mkubwa angesema: hao bakteria si ndio wadudu? Na mimi ningesema ndio, ila si wale wa mzee wa Tandika. Utotoni nilimwona mzee huyo, mganga aliyetibu meno kwa kufukiza. Anachoma mbegu kwenye kigae cha moto, mgonjwa anaachama juu ya moshi, halafu bakuli la maji linaoneshwa watu: vijiti vyeupe vinaelea, vimejikunja. Wadudu! Watoto tulikimbia. Nadhani leo kwamba vilikuwa viini vya mbegu zenyewe, vilivyofyatuka kwa joto, lakini siku ile ningekula kiapo. Tusijione peke yetu. Imani ya mdudu wa jino ilikuwepo Babeli ya kale, na ilizunguka dunia kwa maelfu ya miaka. Mfaransa Pierre Fauchard, katika kitabu chake kikubwa cha uganga wa meno cha mwaka 1728, ni miongoni mwa walioikataa baada ya kutafuta mdudu kwa hadubini asimwone.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwamba wenye hatia ni bakteria ulikuja mwaka 1965, na ulikuwa wa panya. Watafiti watatu wa Marekani, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walitoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliozaliwa na kukuzwa bila kijidudu chochote mwilini. Wakaacha matundu wazi, chakula kinaingia, hakuna aliyetibiwa. Kwa panya wa kawaida nyama ya jino ilioza na majipu yakaota kwenye ncha za mizizi. Kwa wale wasio na vijidudu nyama haikufa. Ilianza yenyewe kujenga ukuta mpya juu ya tundu. Jino lililotobolewa, likaachwa wazi, likajiziba! Nilipoisoma habari hiyo nililiangalia lile bomba la mlango wa daladala kwa jicho jingine. Pigo liliua, lakini aliyekuja kula mfupa baadaye alikuwa mwingine.

Nilipewa njia tatu. Kung'oa, ambako kungechukua dakika kumi. Kuvua kofia na kuchomoa kijiti ili mzizi usafishwe upya kupitia juu, hatari yake ikiwa kwamba kijiti kilichokazwa kinaweza kuupasua mzizi kikitoka. Au kuingia kwa mlango wa nyuma, kwenye ncha yenyewe. Daktari, dada mdogo kuliko mimi, hakunisukuma. Aliweka picha kwenye taa, akaonesha kwa ncha ya kalamu, akasema, "Kaka, hapa juu pamefungwa vizuri. Tatizo liko kule mwisho. Sioni sababu ya kubomoa paa kwa ajili ya bomba la chooni."

Si tiba mpya. Mwaka 1884, Mmarekani John Farrar alichapa makala ya kutetea ukataji wa mizizi kwa majipu ya meno, akaiita tiba ya kishujaa, na kwa mgonjwa wa zama zile sidhani kama alitia chumvi. Ndio mwaka ambao Mjerumani Carl Peters alikuwa anazunguka Usagara na mikataba yake ya karatasi. Kila mmoja na ukataji wake. Farrar alifanya kazi bila kuona ndani. Eksirei haikuwepo mpaka Röntgen alipoigundua mwaka 1895, na wiki chache baadaye, Januari 1896, Mjerumani Otto Walkhoff alijipiga picha ya meno yake mwenyewe kwa kulala chini dakika 25 na bamba mdomoni. Yangu ilichukua chini ya sekunde moja, na bado nililalamika kwamba ile plastiki inakwaruza.

Ganzi ndiyo iliyonishangaza kuliko kisu. Sindano tatu juu ya ufizi na moja ndogo nyuma, kwenye kaakaa, hiyo ndiyo ilinitoa machozi. Kisha mdomo wa juu ukaanza kuwa wa mtu mwingine. Nilikuwa naugusa kwa kidole na kidole ndicho kilichosikia. Nikafunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu, na kuanzia hapo nilikuwa masikio na pua. Nilisikia ufizi ukibanduliwa, sauti kama ya gundi ya bahasha. Nilisikia keekee ikiingia mfupani na maji yakimwagika juu yake, msaidizi akiyavuta kwa bomba linalokoroma. Harufu ya mfupa unaosagwa ni kama ya ukucha uliokaribia mshumaa. Sikusikia maumivu. Nilisikia kazi, kama mtu aliyelala chumba cha ndani anavyosikia mafundi barazani.

"Unataka kuiona?" daktari aliuliza. Akaishusha mbele ya jicho langu kwenye kibano. Ilikuwa nyeupe yenye umanjano, imechongoka upande mmoja. Wali wa nyumbani kwetu ulikuwa wa chenga, kwa sababu chenga ndiyo ya bei nafuu, na mama alikuwa akipepeta kila jioni kutoa mawe. Kitu kile kingeanguka kwenye ungo wake asingekitoa. Kipande cha mwili wangu, chenga ya mchele, na nilikuwa nimekilipia kodi ya miezi minne ya chumba.

Kisha wakaziba. Ukikata ncha ya mzizi, umefungua mfereji kwa nyuma. Usipoufunga umefanya kazi bure. Zamani walitumia mchanganyiko uleule wa zebaki wa kuzibia meno. Sasa wanatumia unga ulioanza kuandikwa kwenye majarida ya tiba mwaka 1993, kazi ya Mahmoud Torabinejad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Unachanganywa na maji, unakuwa kama mchanga wa pwani uliolowa, unapakiwa kwenye kishimo cha milimita 3 kilichochimbwa kwa ncha inayotetemeka. Nilimuuliza daktari unga gani. Alicheka ndani ya barakoa.

"Simenti."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Robo tatu ya unga ule ni simenti ya Portland, familia moja na ile aliyoiandikia hati miliki fundi Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, familia moja na mifuko ya Twiga inayotoka Wazo Hill, huko huko Kinondoni, kiwandani palipoanza kusagwa mawe mwaka 1966. Umesafishwa, umesagwa laini kupita kiasi, ukaongezwa bizimathi ili uonekane mweupe kwenye eksirei na jasi kidogo ya kuongoza mgando. (Asije mtu akaenda duka la vifaa vya ujenzi kununua kilo moja, ya mfukoni haikupimwa kwa ajili ya mifupa ya watu.) Sifa yake kubwa ni ileile anayoijua kila mtoto wa Mbagala: haiogopi maji. Vizibio vingi vya meno vinataka pakavu, na kwenye shimo la mfupa hapakauki, damu inatoka, majimaji yanatoka. Simenti inayataka. Inakaza kwa muda wa karibu saa 2 na dakika 45, na mwili haiukatai. Mfupa unaweza kuota ukaishika.

Ninakokaa nimezungukwa na wafyatua tofali. Alfajiri kabla ya gari la kwanza utawaona na ndoo, wanamwagilia tofali za jana na juzi, kimya, safu kwa safu, kama wanamwagilia mchicha. Tofali isipomwagiliwa inakauka haraka na inakuwa ya kuvunjika. Niliporudi nyumbani siku ile, shavu limevimba, nilipita katikati yao nikawa nawaza kwamba kuna tofali moja inakazia kwenye fuvu langu, nayo inataka maji, na maji yake ni mimi. Jiwe la Wazo ni matumbawe ya kale, bahari iliyogeuka kilima. Waliojenga msikiti uliobaki gofu pale Kunduchi walichoma matumbawe kupata chokaa. Pwani hii imekuwa ikiziba nyufa zake kwa mifupa ya bahari muda mrefu kabla ya kliniki yoyote.

Mama mkubwa alinipokea bila maswali. Alichukua barafu ya ubuyu kwenye deli, akaifunga kwenye kitambaa, akaniwekea shavuni. Ilipoyeyuka aliirudisha kwenye friza na kunipa nyingine. Siku ya kwanza nilikunywa uji uliopoa. Siku ya pili maji ya chumvi ya vuguvugu, bila kusukutua kwa nguvu, yanaachwa tu yaende huku na huku. Uvimbe ulipanda siku ya pili, kama nilivyoambiwa, na ukashuka. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki.

Lililonitesa zaidi halikuwa jeraha. Lilikuwa hesabu ya kikoba. Kikundi chetu kina mfuko wa maradhi, na nilikwenda kwa katibu na stakabadhi zangu.

"Ulilazwa?"

"Hapana."

"Ulikuwa na hali mbaya?"

"Hapana, ila..."

"Uliumwa nini hasa?"

Ningeng'oa kwa maumivu ya usiku, wangenichangia. Kwa jino lisilouma sikuwa mgonjwa. Nilikuwa mtu anayejipamba. Na katibu hakuwa mbaya. Alikuwa analinda fedha za wauza vitumbua na mafundi cherehani kwa kipimo pekee tulichonacho sote, kipimo cha mama mkubwa. Michango yetu inajua msiba, inajua harusi, inajua mtu aliye kitandani na dripu. Haijui doa la ukubwa wa kunde kwenye picha ya kiberiti. Ukiugua bila kuumwa unaugua kwa gharama zako.

Ni rahisi kuliita hilo ushamba, na wapo wanaoliita hivyo, wengi wao wakiwa na bima. Mwanzoni mwa karne ya 20 Ulaya na Marekani ziling'oa meno kwa wazimu kuliko Tandika. Daktari Mwingereza William Hunter alitoa hotuba Montreal mwaka 1910 akilaumu meno yaliyozibwa kwa kila aina ya ugonjwa mwilini, na kwa miaka mingi baada yake watu wenye fedha zao walipelekwa kung'olewa meno kinywa kizima ili wapone baridi yabisi. Wazo la kwamba jino bovu linastahili kubakizwa limepiganiwa kila mahali.

Na hapa limepiganiwa kwa namna ambayo ingepaswa kutupa majivuno. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, kutoka chuo hicho hicho, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waligeuza tatizo la kukosa umeme kuwa njia. Vifaa vya kuchimba meno havina kazi kijijini pasipo na nguzo. Basi wakaacha keekee. Wakachukua vijiko vidogo vya chuma, wakakwangua uozo laini kwa mkono, wakaziba. Bila mashine, mara nyingi hata bila sindano. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaipigia debe kwa nchi zote. Leo inafundishwa kwenye nchi ambazo hazijawahi kukatiwa umeme. Sijakutana na mtu wa mtaani kwangu anayejua kwamba ilianzia kwetu. Lakini hata hiyo inamtaka mtu aje mapema, tundu likiwa dogo, kabla ya usiku wa jana. Inamtaka aje haliumi.

Mama mkubwa ana mapengo matano. Ameyahesabu kwa ajili yangu kwa ulimi, akitaja la kwanza hadi la mwisho kama anataja watoto. La kwanza lilitoka mimba ya pili, la pili mwaka wa foleni za sukari, la tatu na la nne pamoja kwa sababu alishakuwa kwenye kiti na nauli ya kurudi tena haikuwepo. La tano lilimkuta wanawe wakiwa na kazi. Walimwambia liwekwe la bandia. Akakataa. Jino la pembe si dawa ya pengo, alisema, na safari hiyo alikuwa anasema juu ya meno kweli. Nilimweleza habari ya vijiti vya titani vinavyopandwa mfupani. Aliuliza bei, nikamtajia, akacheka mpaka yale mapengo yote matano yakaonekana.

Kicheko kile ninakipenda, lakini nimejifunza kutokipamba. Kiswahili kina mwanya na kina pengo. Mwanya ni nafasi aliyokuachia Mungu, unasifiwa nao, unachumbiwa nao. Pengo ni nafasi ya kitu kilichokuwepo. Naye anajua tofauti hiyo. Ndiyo maana kwenye picha za harusi za wajukuu midomo yake imefumbwa.

Mwaka ulipotimia nilirudi kupiga picha. Daktari alinionya mapema kwamba mfupa hauna haraka, na kwamba si kila mzizi uliokatwa unapona: uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 ulikuta kwamba kwa njia za zamani walifanikiwa kama 59 kwa kila 100, na kwa hadubini na vizibio vya sasa kama 94. Nilikaa nikiwawaza wale 6. Alipoweka picha mbili pamoja sikuhitaji kalamu yake. Punje ya kunde haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kijivu chenye nyuzinyuzi, kama wavu uliotandazwa, na katikati ya ncha fupi ya mzizi palikuwa na alama nyeupe, nyeupe kuliko jino lenyewe.

Nikampelekea mama mkubwa. Aliishika kwenye mwanga wa mlango, akaisogeza, akaitoa miwani akaivaa tena.

"Hiki cheupe?"

"Ndiyo simenti."

"Ya Wazo?"

"Ndugu yake."

Akaendelea kuitazama. Mtoto alikuja na sarafu ya mia akataka barafu, akamwonesha deli kwa kidevu, ajichukulie. Kisha akanirudishia picha, akainua mdomo wa juu kwa kidole gumba, akanionesha ufizi juu ya jino la pembeni ya pengo la tatu. Kulikuwa na kipele, kidogo, chekundu, na nukta nyeupe juu yake.

"Na hiki?" aliuliza, kidole kikiwa bado mdomoni. "Kina miaka. Hakiumi."